Mackinnon, reli isiyojengwa na fedha za Unguja

Kila inapozuka hoja ya nani anapaswa kumiliki njia za reli, Serikali au makampuni ya watu binafsi, sisi wa visiwani huiachia hoja hiyo wenzetu wa Bara, kana kwamba haituhusu hata kidogo. Reli hatuna. Ile njia ndogo ya Bububu, iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani ikafunguliwa mwaka 1905, kisha Serikali ikainunua mwaka 1911, iling'olewa zamani, na vijana wetu wanaijua kwa picha tu. Hata hivyo hoja hii ni yetu pia, tena kwa sababu ambayo wengi wameisahau. Kampuni ya kwanza ya kibinafsi iliyojitwalia kazi ya kujenga reli kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria ilishindwa, na kampuni hiyo ilipovunjwa, sehemu kubwa ya malipo yake ilitoka katika fedha za Unguja. Kwa hiyo leo tunasimulia maisha ya mtu aliyeiunda kampuni hiyo, Sir William Mackinnon, ili wananchi na wakuu wa Serikali wapate kuitazama hoja ya leo kwa macho yaliyokwisha kuona.

Mackinnon alizaliwa mwezi Machi 1823 katika mji wa Campbeltown, bandari ndogo iliyo kwenye rasi ya Kintyre, magharibi ya Scotland. Hakuzaliwa katika ukwasi. Alianza kazi akiwa kijana katika duka la vyakula mjini kwao, kisha akaenda Glasgow kuwa karani, kwanza katika ghala la hariri na baadaye katika ofisi ya mfanyabiashara wa Kireno. Mwaka 1847 alisafiri kwenda India, akaungana na mwenzake wa kutoka kwao, Robert Mackenzie, aliyekuwa akifanya biashara katika pwani ya Ghuba ya Bengal. Ndipo ilipozaliwa Mackinnon Mackenzie, nyumba ya biashara ambayo jina lake lilikuja kujulikana katika kila bandari ya Bahari ya Hindi, pamoja na za kwetu. Alikuwa mtu mfupi wa kimo, mcha Mungu wa madhehebu ya Kanisa Huru la Scotland, mwangalifu wa hesabu, na mwenye kipaji cha kufanya urafiki na watu wenye madaraka. Kipaji hicho cha mwisho kilimfaa kuliko mtaji wowote.

Mwaka 1856 yeye na wenzake waliunda kampuni ya meli za moshi ya kupeleka barua kati ya Calcutta na Burma. Mwaka 1862 kampuni hiyo ikapewa jina la British India Steam Navigation, jina lililodumu kwa zaidi ya miaka mia moja. Hapa inatupasa kusimama kidogo, maana hapa ndipo ulipo ufunguo wa mambo yote yaliyofuata. Meli za moshi za wakati ule zilikula makaa mengi na kubeba shehena chache. Katika njia nyingi nauli peke yake haikutosha kuziendesha. Kilichoziwezesha kuishi ni mkataba wa barua, yaani ruzuku ambayo Serikali ililipa kila mwaka, meli ijae au isijae. Mackinnon hakuwa mfanyabiashara aliyejitosa baharini kwa nguvu zake mwenyewe, kama wasifu mwingi unavyopenda kumchora. Alikuwa stadi wa kuchukua kazi ambayo Serikali ilitaka ifanyike, akaifanya vizuri, na faida ikawa yake. Hatusemi haya kwa kumbeza. Kazi ilifanyika, na barua zilifika. Lakini asiyeyajua haya hataelewa kwa nini mtu aliyefanikiwa kiasi hicho baharini alianguka vibaya nchi kavu.

Huko India aliona pia jambo jingine. Reli za India zilijengwa na makampuni ya Uingereza yaliyowekewa dhamana: mwenye hisa aliahidiwa riba ya asilimia 5 kwa mwaka, na biashara isipofikia kiwango hicho, pengo lilizibwa na Hazina ya India, yaani na mlipa kodi wa India. Chini ya utaratibu huo maelfu ya maili ya reli yalijengwa, na kwa wingi kwa gharama kubwa mno, kwani mjenzi aliyehakikishiwa riba yake hana haja ya kubana matumizi. Baadaye Serikali ya India ililazimika kuyanunua makampuni hayo moja baada ya jingine. Mackinnon aliuchukua utaratibu huo akilini mwake akauleta Afrika, akiamini kwamba utapatikana na huku.

Kwetu Unguja alifika kwa njia ile ile ya barua. Mwaka 1872 kampuni yake ilipata mkataba wa Serikali ya Uingereza wa kuleta meli kila mwezi kutoka Aden. Huo ulikuwa mwaka mgumu sana kwa kisiwa hiki. Mwezi Aprili kimbunga kilikuwa kimeangusha mikarafuu ya Unguja na kuvunja majahazi na marikebu bandarini, zikiwamo za Sayyid Barghash bin Said, aliyekuwa na mwaka mmoja na nusu tu katika utawala. Pemba ilinusurika. Mwezi Januari mwaka uliofuata akaja Sir Bartle Frere, rafiki wa zamani wa Mackinnon tangu alipokuwa gavana wa Bombay, kuja kumshurutisha Sayyid akomeshe biashara ya watumwa baharini, na mwezi Juni 1873 mkataba ukatiwa saini. Mtawala aliyekuwa amepoteza marikebu na mikarafuu sasa alipoteza na ushuru wa biashara ile.

Barghash hakukaa mikono kifuani. Katika miaka iliyofuata alinunua meli zake mwenyewe za moshi, miongoni mwao Nyanza, Kilwa na Avoca, zikawa zinakwenda Bombay na kurudi zikishindana na meli za Mackinnon. Alileta maji ya chemchemi mjini kwa mfereji, na akajenga hata kijireli cha maili saba hivi cha kwenda kwenye kasri lake la Chukwani. Watu wengine wameyaandika haya kama anasa za mfalme, na kwa kijireli kile huenda wana haki. Lakini meli na maji vilikuwa huduma, na vilitoka katika hazina ya nchi. Basi bandarini Unguja kulikuwa na meli za aina mbili: za mtawala wa hapa, zilizoendeshwa kwa fedha za hapa, na za kampuni ya kibinafsi, ambazo nyuma yake ilisimama Hazina ya London. Anayesema kwamba siku zile kulikuwa na soko huru katika bahari hii ajiulize ni ipi kati ya hizo iliyokuwa huru.

Wawili hawa walishindana, lakini walizungumza pia. Mwaka 1877 Mackinnon alikaribia kukodishwa mwambao wote wa Sayyid pamoja na bara iliyo nyuma yake, kwa miaka 70, akusanye ushuru, atawale, ajenge barabara na reli. Mazungumzo yale yalivunjika, na sababu yake inatufaa kuikumbuka. Mackinnon alitaka Serikali ya Uingereza iahidi kumlinda. Serikali haikutaka kujifunga. Bila ya ahadi hiyo yeye hakutaka kuendelea. Badala yake, akishirikiana na Fowell Buxton, alianza mwaka huo huo kukata barabara kutoka Dar es Salaam kuelekea Ziwa Nyasa kwa fedha za michango. Barabara ilifika maili 70 na kidogo. Mbung'o waliua ng'ombe wa kukokota, majani yakaota nyuma ya wakataji, na mwaka 1881 kazi ikaachwa.

Katikati ya mambo hayo likampata jambo ambalo lingemnyamazisha mtu mwingine. Mwezi Oktoba 1878 benki ya City of Glasgow ilianguka. Kwa sheria ya wakati ule wenye hisa wa benki hiyo walidaiwa bila kikomo. Aliyekuwa na hisa chache alijikuta akidaiwa nyumba na kila alicho nacho, na familia nyingi za Scotland zilifilisika. Mackinnon alikuwa amewahi kuwa mkurugenzi wa benki hiyo hadi mwaka 1870, naye akashitakiwa na wafilisi. Kesi iliisha kwa yeye kuonekana hana lawama. Hata hivyo alikuwa ameona kwa macho yake maana ya hasara ambayo haikuwekewa mpaka, na ambayo inawaangukia watu wasiokuwa na kauli katika kuisababisha.

Miaka kumi baadaye Wajerumani walikuwa wamekwisha kupenya Usagara na kwingineko kwa mikataba ya Karl Peters, na London ikataka mtu wa kuusimamia upande wa kaskazini bila ya kuigharimu Serikali. Mackinnon alikuwa tayari. Alikuwa ameongoza kamati iliyomtuma Henry Stanley kwenda kumwokoa Emin Pasha, safari iliyoondoka hapa Unguja mwezi Februari 1887 kwa meli ya kampuni yake ikiwa na mamia ya wapagazi wa kwetu, ambao wengi wao hawakurudi. Tarehe 24 Mei mwaka huo huo Sayyid Barghash aliipa jumuiya yake idhini ya kuutawala mwambao kutoka Mto Umba hadi Kipini kwa miaka 50, kwa sharti kwamba Sayyid aendelee kupata ushuru wake. Barghash alifariki mwezi Machi 1888. Mwezi Septemba jumuiya ile ilipata Hati ya Kifalme, ikawa Kampuni ya Kifalme ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, na Mackinnon akawa mwenyekiti wake. Mwaka 1889 alipewa cheo cha ubaroneti.

Mtaji uliochangwa ulikuwa karibu paundi robo milioni. Kwa kampuni ya meli zilikuwa fedha nyingi. Kwa kampuni iliyojitwika kutawala nchi, kulipa askari, kushindana na Wajerumani, kukomesha utumwa, na juu ya yote kujenga reli ya maili zaidi ya 500, zilikuwa tone la maji jangwani. Kampuni ilipandisha bendera yake Mombasa, ikafua pesa zake za shaba zenye sura ya mizani, na mwanzoni mwa mwaka 1889 ikalipa fidia ili watumwa waliokimbilia Rabai, zaidi ya elfu moja, wapewe hati zao za uhuru. Hilo ni jema, na tunaliandika kwa kuwa ni haki yake. Lakini ushuru wa mwambao haukutosha hata matumizi ya kawaida. Mwaka 1890 Kapteni Lugard alitumwa Uganda, na kuikalia Uganda peke yake kukakadiriwa kugharimu paundi 40,000 kila mwaka.

Mackinnon alijua kwamba bila ya reli mambo hayo yote hayana msingi. Kila kitu kilichokwenda Uganda kilikwenda kichwani mwa mpagazi, frasila mbili hivi kwa mtu mmoja, mwendo wa karibu miezi mitatu. Bidhaa pekee iliyoweza kulipa safari ya namna hiyo ilikuwa pembe za ndovu. Kahawa, pamba, ngozi, nafaka, vyote vingeoza au vingegharimu zaidi ya thamani yake kabla ya kuiona bahari. Mwaka huo wa 1890 kampuni ilianza kutandika reli nyembamba, ya upana wa futi mbili, kutoka ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, na ikaipa jina kubwa la Reli ya Afrika ya Kati. Ziliwekwa maili saba hivi. Reli ikaishia porini, isifike popote penye mtu wa kupanda wala shehena ya kupakia. Wazungu wa Mombasa wakaitumia kwa matembezi ya jioni.

Ndipo Mackinnon alipoufungua mkoba wake wa zamani. Aliiomba Serikali ya Uingereza iidhamini riba ya mtaji wa reli kama ilivyofanyika India. Hoja yake haikuwa dhaifu. Mkutano wa Brussels, uliomalizika Julai 1890, ulikuwa umezitaja reli kuwa njia mojawapo ya kuua misafara ya watumwa, na Uingereza ilikuwa imetia saini. Alisema, kwa maana, kwamba kampuni yake inafanya kazi ya taifa, basi taifa nalo lichangie. Waziri Mkuu Salisbury alimwelewa. Hazina haikumwelewa, na wapinzani wa Serikali Bungeni walilalamika kwamba mlipa kodi anaitwa kuziba matundu ya mifuko ya wenye hisa. Mwisho wa mabishano, mwaka 1892, Bunge lilitoa paundi 20,000 tu za kupimia njia. Kapteni Macdonald na kikosi chake wakapima kutoka Mombasa hadi ziwani, wakakadiria kwamba reli ingegharimu zaidi kidogo ya paundi milioni 2.2. Kampuni haikuwa na hata sehemu ya kumi ya fedha hizo.

Sasa tuseme tunavyoona sisi. Wapo wanaomtetea Mackinnon kwa kusema kwamba alionewa: Serikali ilimtumia kama ngao dhidi ya Wajerumani, ikamwachia gharama, kisha ikamtupa. Kuna ukweli mwingi katika utetezi huo. Wapo wanaosema kwamba ni bepari aliyetaka faida iwe yake na hasara iwe ya umma. Na hilo nalo ni kweli. Tatizo ni kwamba pande zote mbili hubishana kuhusu tabia ya mtu, hali kilichokosekana ni kifungu cha mkataba. Si Hati ya Kifalme wala idhini ya Sayyid iliyosema waziwazi ni nani atakayebeba hasara reli isipojilipa katika miaka yake ya mwanzo. Kila upande ulidhani ni mwenzake. Kampuni ilidhani Serikali haitathubutu kuiacha ianguke. Serikali ilidhani kampuni haitathubutu kuiacha Uganda. Na upande wa tatu, ambao ndio uliokuwa na ardhi na bandari, yaani Unguja, haukuulizwa kabisa.

Reli si duka. Duka lisilolipa hufungwa, na mwenye duka akaenda na bidhaa zake. Reli iliyokwisha kutandikwa haiwezi kuhamishwa, na nchi iliyokwisha kupanga kilimo na miji yake kando ya reli hiyo haiwezi kuiacha ife. Kwa sababu hiyo Serikali huwa ni mdhamini wa reli hata kama haikuandika dhamana yoyote. Wakuu wetu wanaokaa mezani kujadili mikataba ya bandari na vivuko, ambavyo kwa mtu wa visiwani ndiyo reli yake, wanapaswa kuianza hesabu yao hapo.

Isidhaniwe kwamba ni Waingereza tu waliojikwaa. Upande wa Wajerumani kampuni ya kibinafsi iliundwa mwaka 1891 kujenga reli kutoka Tanga kwenda Usambara. Ilifika Muheza, fedha zikaisha, na mwaka 1899 Serikali ya Ujerumani ikalazimika kuitwaa. Ilikuwa ni kwa fedha za umma kwamba reli hiyo iliendelea Korogwe na Mombo hadi ikafika Moshi mwaka 1911. Na katika zama zetu hizi, Kenya na Uganda zilikodisha reli zao kwa kampuni moja mwaka 2006, na mkataba huo ukavunjwa mwaka 2017. Tanzania nayo mwaka 2007 ilikodisha Reli ya Kati kwa kampuni kutoka India, na haikupita miaka mitano Serikali ikairudisha mikononi mwake. Katika kila mojawapo ya safari hizo, kampuni iliondoka na reli ikabaki.

Tumrudie Mackinnon. Mwishoni mwa mwaka 1891 kampuni ilitangaza kwamba itaondoka Uganda. Wamisionari wakapiga kelele, michango ikakusanywa makanisani, yeye mwenyewe akatoa kutoka mfukoni mwake, na kuondoka kukaahirishwa kwa mwaka mmoja. Kisha Serikali mpya ya Gladstone ikaongeza miezi mitatu kwa gharama zake, na kumtuma Sir Gerald Portal, Balozi Mkuu wa Uingereza hapa Unguja, aende kutazama. Portal aliondoka hapa siku ya mwaka mpya wa 1893. Tarehe 1 Aprili bendera ya kampuni iliteremshwa Kampala, ikapandishwa ya Uingereza.

Mackinnon alikufa London tarehe 22 Juni mwaka huo huo, katika hoteli, akiwa na umri wa miaka 70. Hakuwa na mtoto, na ubaroneti wake ukafa pamoja naye. Alizikwa Clachan, katika rasi ile ile ya Kintyre alikozaliwa, karibu na shamba lake la Balinakill. Kampuni yake ya meli ilikuwa hai na yenye nguvu, nayo iliendelea kutuletea barua na abiria kwa miongo mingi. Kampuni yake ya nchi kavu ilikuwa mahututi.

Mazishi ya kampuni hiyo ndiyo yanayotuhusu zaidi. Mwaka 1890 Ujerumani ilikuwa imemlipa Sultani wa Zanzibar marka milioni 4, sawa na paundi 200,000 hivi, kuwa thamani ya mwambao wa Mrima uliokwenda kwa Wajerumani moja kwa moja. Fedha hizo zilikuwa akiba ya nchi hii, bei ya ardhi iliyopotea. Wenye hisa wa kampuni walipodai fidia mwaka 1895, ilikubaliwa wapewe paundi 250,000 warudishe Hati na idhini zao. Kati ya hizo, Hazina ya Uingereza ilitoa paundi 50,000. Paundi 200,000 zilitoka katika akiba ile ya Unguja. Sultani wakati huo alikuwa Sayyid Hamad bin Thuwaini, lakini kauli katika mambo ya fedha ilikuwa ya Balozi wa Uingereza na ya Waziri wa Kwanza, Lloyd Mathews. Hivyo Unguja iliuza mwambao wa kusini, ikatumia bei yake kuununua tena mwambao wa kaskazini ambao ulikuwa wake, na mara tu ulipokwisha kununuliwa ukawekwa chini ya utawala wa Uingereza.

Ili kuipamba hesabu hiyo, ilikubaliwa kwamba Unguja italipwa kodi ya paundi 11,000 kwa mwaka kwa ajili ya ule ukanda wa maili kumi, pamoja na paundi 6,000 zikiwa ni riba ya asilimia 3 ya zile paundi 200,000. Jumla paundi 17,000, na malipo ya kila mwaka yaliendelea hadi mwaka 1963, mwambao ulipokabidhiwa rasmi kwa Kenya. Paundi ya mwaka 1963 haikuwa paundi ya mwaka 1895. Katika miaka hiyo karibu sabini, bandari ya Kilindini iliyokaa juu ya ardhi hiyo ilikua ikawa mlango wa Kenya na Uganda, na ushuru wake haukuja huku. Wanaoamini kwamba kampuni ikishindwa hasara ni ya wenye kampuni wataieleza vipi hesabu hii?

Reli yenyewe Serikali ya Uingereza iliijenga kwa mkono wake. Bunge liliidhinisha paundi milioni 3 mwaka 1896, na taruma la kwanza likalazwa Mombasa mwezi Mei. Hatutaki kudanganya kwamba Serikali ilifanya kazi hiyo kwa ustadi usio na dosari. Gharama ilipanda hadi kufikia paundi milioni tano na nusu hivi. Wafanyakazi zaidi ya 31,000 waliletwa kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walikufa, wachache kwa simba wa Tsavo na walio wengi kwa maradhi na ajali. Kampuni ya kibinafsi ingefilisika mara mbili kabla ya kufika Nairobi. Serikali ilirudi Bungeni ikaomba tena, ikapewa, na mwezi Desemba 1901 reli ikafika ziwani, mahali panapoitwa Kisumu. Hapo ilikuta meli ndogo ya moshi iliyokuwa imeagizwa na kampuni ile iliyokufa, ikapelekwa vipande vipande na kuunganishwa kwa miaka, hadi ikashushwa majini mwaka 1900. Meli hiyo ilipewa jina la William Mackinnon.

Vile vyuma vya maili saba vya Reli ya Afrika ya Kati vilikuwa vimekwisha kung'olewa zamani. Vilitandikwa upya katika mitaa ya Mombasa, vikawa njia ya vigari vidogo vya kusukumwa kwa mikono, na mabwana wa Serikali walivipanda kwenda ofisini asubuhi na kurudi majumbani jioni. Na kwenye reli kubwa ya zamani, safari ya saa chache kutoka pwani kabla hujafika Voi, kipo kituo kiitwacho Mackinnon Road, kwa jina la barabara ya mikokoteni iliyokatwa ili kuisubiri reli. Kando ya njia pana msikiti na kaburi la Sayyid Baghali, mmoja wa Wahindi waliofanya kazi ya ujenzi, na wasafiri wa barabara ya Mombasa husimama hapo kusoma Fatiha.